Kuasili mtoto hapa Dar: anza ustawi wa jamii, usianze na mtoto

Kila mwezi kuna mtu ananitumia meseji saa nne usiku, "dada samahani, nasikia nyie mliadopti, mlifanyaje?" na mi nimechoka kurekodi voisi za dakika nane nane alafu mtu anasikiliza mbili analala. Ngoja niandike mara moja, atakayeuliza namtumia hii.

Kwanza tuelewane lugha. Mtaani tunasema kuadopti, wengine wanasema kuchukua mtoto. Kwenye sheria neno ni kuasili, na ukifika ofisini ukasema "nimekuja kuchukua mtoto" utaangaliwa jicho la pembeni kidogo maana kuchukua hata wezi wanachukua. Alafu kuna malezi ya kambo, hilo watu wanalichanganya sana na kuasili. Malezi ya kambo mtoto anakaa kwako, anakula kwako, lakini yuko chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii na bado hajawa wako, mambo yakibadilika anaweza akahamishwa. Kuasili ni mahakama inakata kamba kule alikotoka na kuifunga kwako, moja kwa moja.

Na kuna lile letu la siku zote. Mtoto wa marehemu kaka umemleta mjini, anasoma, anakuita mama, mtaa mzima unajua ni wako. Kisheria huyo sio wako. Inauma kusikia lakini ndo ilivyo, unaweza ukamlea tangu chekechea mpaka kidato cha sita na siku inatakiwa sahihi ya mzazi ukaambiwa mtafute baba mdogo wake aliyeko Singida, ambaye hata soksi ya shule hajawahi kununua. Sisemi kila mtu akimbilie mahakamani kwa mtoto wa ndugu, wengi hawahitaji, ila ujue umesimama wapi.

Sasa kosa lenyewe ambalo naliona kila siku: watu wanaanza na mtoto. Unasikia kuna binti Mbagala kajifungua na hana uwezo, unaenda na shoga yako, mnaongea vizuri, mnaelewana, unamwachia laki mbili "ya supu", unarudi na mtoto kwenye kanga na furaha mpaka machozi, alafu ndo unaanza kuulizia makaratasi. Ndugu yangu hapo umejifunga mwenyewe. Sheria inataka mahakama ijiridhishe kwamba hakuna malipo yaliyotolewa wala kuahidiwa ili mtoto atoke kwa huyu aende kwa yule, na ile laki mbili ya supu ukiulizwa na jaji utaiitaje? Nchi hii ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na mtu akishasema "alinunua mtoto" hata kama nia yako ilikuwa nyeupe kama pamba utaanza kujieleza polisi badala ya ustawi. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanaongea na mtu hospitali ili tangazo la kizazi liandikwe jina lao kama wao ndo wamejifungua. Hiyo ni kughushi, tena mbaya zaidi ni kwamba ukweli ukifumuka miaka kumi baadaye mtoto ndo anaumia, cheti chake chote kinakuwa feki.

Na ukiokota mtoto, maana Dar hii yanatokea, jalalani, mlangoni kwa mtu, kwenye daladala: usimpeleke nyumbani ukasema Mungu kanijibu. Polisi kwanza, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, na kama umechanganyikiwa hujui pa kuanzia piga 116, ni namba ya bure ya kusaidia watoto. Mtoto ataangaliwa hospitali, ndugu zake watatafutwa, na ustawi wa jamii ndo watasema akae wapi. Kumuokota hakukupi foleni ya mbele. Niliwahi kumwambia mtu hivi akanuna miezi mitatu.

Basi sheria yenyewe. Kwa Bara ni Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009. Zamani kulikuwa na sheria ya kuasili ya peke yake, ya tangu mkoloni, hii ya 2009 ikaifuta ikaweka kila kitu cha mtoto sehemu moja, matunzo, malezi ya kambo, kuasili, ajira, mpaka watoto waliokinzana na sheria. Nasema kwa Bara kwa sababu Zanzibar wana yao, Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, na kule wameiweka na kafala ndani yake, nitaigusa mbele. Kwa iyo kama wewe uko Kigamboni na mtoto yuko Unguja usichukue hii niliyoandika ukaitumia kama ilivyo, boti ni mwendo wa masaa mawili tu ila sheria ni nyingine.

Nani anaruhusiwa. Uwe umevuka miaka 25, na uwe umempita mtoto kwa angalau miaka 21. Hii ya pili ndo inawakwamisha watu kwa sababu hawaipigii hesabu. Una miaka 28? Mtoto unayeweza kumwomba ni wa miaka 7 kushuka chini. Una 30 na moyo wako umeangukia kwa binti wa miaka 12 uliyemzoea kanisani, haitoki, tofauti ni 18. Kama mnaomba wawili mke na mume inatosha mmoja wenu akidhi. Kama ndo ndugu wa mtoto mwambie ofisa mapema, ndugu sheria inawaangalia kivyao.

Mke na mume wanaomba pamoja. Mwanamke asiye na mume, raia wa Tanzania, anaweza kuomba peke yake, hili naliandika kwa herufi kubwa kichwani kwangu kwa sababu nina marafiki wawili walikaa miaka wakisubiri mchumba eti ndo waanze kushughulikia. Hamna. Nenda. Mwanaume peke yake ndo anabanwa, labda awe baba mzazi wa huyo mtoto au aionyeshe mahakama sababu maalum, na ukweli mimi nadhani sheria imewaza mbali hapo ingawa najua kuna wanaume wazuri inawaumiza.

Wenye ndoa sikilizeni. Mmoja hawezi kwenda kimyakimya. Kuna mama mmoja alitaka amalize kila kitu ndo amwambie mzee, yaani kama sapraizi ya birthdei. Mwenzako ataulizwa, atatembelewa, na kama hataki itajulikana siku ya kwanza tu kwenye kochi lenu.

Haya tuanze safari. Unaanzia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri unayoishi. Dar tuna tano, Jiji ambalo ndo ile Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Unaishi Tabata huwezi kwenda Kinondoni kwa sababu unamjua mtu pale. Unaandika barua ya kawaida tu, wewe nani, unaishi wapi, kwa nini unaomba, unaomba mtoto wa umri gani. Sisi barua yetu ya kwanza mume wangu aliiandika kama ya kuomba kazi, "nina uzoefu wa miaka tisa ya ndoa", ofisa akacheka akaturudishia tuandike kibinadamu. Tuliombwa barua ya serikali ya mtaa, vitambulisho vya NIDA, cheti cha ndoa, vipimo vya afya vya wote wawili, kitu cha kuonyesha kipato, picha, na watu wanaotufahamu ambao wanaweza kupigiwa simu. Kipato hapo usiogope, hawatafuti tajiri. Mume wangu ana duka la vifaa vya umeme na hana hati ya mshahara, tulipeleka leseni ya biashara na taarifa ya benki, basi. Wanachotaka kujua ni mtoto hatolala njaa na ada italipwa.

Hapa nje ya ofisi ndo utakutana na vishoka. Kijana msafi, faili mkononi, "dada mi nawajua wote humu ndani, nipe laki tatu faili lako linaruka." Halirukii popote. Malipo ya serikali sa hivi yanapita kwenye kontroo namba, mtu akikwambia mtumie kwenye namba yake ya simu jua hela imekwenda kununua bia.

Baada ya barua wanakuja nyumbani. Hii sehemu ndo watu wanaiogopa kuliko zote kwa iyo ngoja nikae hapo. Sisi nilipaka rangi sebule. Nilinunua makapeti. Nilimwambia dada wa kazi avae gauni jipya, na nikapika pilau la kuku kama tunapokea posa. Ofisa akaja mama wa makamo na begi lake la kitambaa, akanywa maji tu, pilau hakugusa. Sebule hakuiangalia hata dakika mbili. Akaenda moja kwa moja nyuma, akaangalia simtanki kama lina mfuniko, akauliza kisima cha jirani kinafunikwa na nini, akaingia chumba tulichoandaa akashika neti akaivuta kuona kama imetoboka, akauliza dirisha hili usiku mnalifungaje. Alafu akamuita dada wa kazi pembeni, peke yake, wakaongea robo saa nzima mimi nikiwa jikoni nakata vitunguu ambavyo havihitajiki. Baadaye dada akaniambia aliulizwa analala wapi, anakula na sisi au baada yetu, na mara ya mwisho kupigiwa kelele ilikuwa lini. Nikaelewa. Anayeishi nyumbani kwako bila kuwa damu yako ndo kioo.

Na maswali yake kwetu. Hakuuliza mna gari? Aliuliza mkigombana nani anatoka nje. Aliuliza mama mkwe anasemaje. Aliuliza, na hapa mume wangu alinyamaza muda mrefu, "Mungu akiwapa wa kuzaa mwaka ujao, huyu atakaa wapi?" Msijibu haraka swali kama hilo. Mume wangu alisema "atakuwa kaka yake mkubwa" na mi nikalia mbele ya mgeni. Alirudi tena mara mbili, mara moja bila kusema anakuja, saa kumi na mbili jioni nikiwa na dera na mafuta ya nazi kichwani.

Kinachotoka hapo ni ripoti ya uchunguzi wa kijamii na faili linapanda kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, wizara ile ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Unasubiri. Hapa ni subira tu, piga simu kwa adabu mara moja kwa wiki mbili, usipige kila siku.

Kuhusu mtoto sasa. Wengi wanatoka kwenye makao ya watoto, mnayajua, Kurasini pale ni ya taifa na kuna ya dini na ya watu binafsi. Huendi kuchagua kama nguo za mtumba Karume. Ustawi ndo wanatafuta mtoto ambaye anaendana na nyie, na sio kila mtoto aliyeko kwenye makao anaweza kuasiliwa, wengi wana mama, wana shangazi, wapo pale kwa muda tu. Hili liliniumiza kwa sababu kuna mmoja nilimpenda siku ya kwanza tu, alinishika kidole akakataa kuachia, kumbe ana bibi Rufiji anamtumia salamu kila wiki. Hakuwa wa kuasiliwa, na sasa nikifikiria naona ni sawa kabisa.

Wazazi wa mtoto kama wapo na wanajulikana lazima waridhie, na waridhie wakielewa wanachokubali, kwamba sio kuazimisha. Mahakama inaweza ikaendelea bila ridhaa yao kama wamemtelekeza mtoto, wamemtesa, hawapatikani kabisa au hawana uwezo wa kutoa ridhaa, lakini hiyo inathibitishwa, hausemi tu "baba yake mlevi". Na mtoto mwenyewe kama ameshafikia umri wa kujieleza anasikilizwa. Binti wa miaka kumi anaweza kukuangalia akasema sitaki kuishi na hawa, na maneno yake yatazingatiwa.

Alafu mtoto anakuja kukaa nanyi kwanza, kwa malezi ya kambo, miezi isiyopungua mitatu mfululizo kabla ya mahakama, ofisa akipita kuangalia. Wengine inakwenda zaidi sana ya hapo kwa sababu ya faili na foleni. Wa kwetu alikuwa na mwaka na miezi minne alipokuja, wiki mbili za kwanza alikuwa anaficha mkate chini ya mto. Sikumkataza. Kila asubuhi natoa mkate mkavu naweka mpya. Siku ofisa alipokuja akaukuta ule mkate akaandika kitu kwenye daftari, moyo ukanidunda, nikajua tumefeli, kumbe aliandika kwamba tumeuacha.

Mahakamani. Kuasili ni Mahakama Kuu, sio mahakama ya mwanzo wala baraza la kata, na mtu akikupa hati ya baraza la kata yenye muhuri mwekundu imeandikwa "makabidhiano ya mtoto" hiyo ni karatasi ya kufungia maandazi. Kwa Dar masuala ya familia wametuwekea kile Kituo Jumuishi cha utoaji haki cha Temeke, mirathi, ndoa, watoto, yote humo, na Mahakama Kuu inakaa humo pia, kwa iyo muulize wakili wako shauri litafunguliwa wapi. Anafaili kwa mtandao sa hivi. Mahakama inamteua mtu wa kusimama upande wa mtoto kwenye shauri, mara nyingi ni ofisa ustawi, na huyo anaandika ripoti yake. Jaji hafanyi kazi yako wala yangu, anaangalia hii amri itamfaa mtoto? Basi.

Wakili ndo sehemu ya gharama na mi nilipigwa hapo, nisiwafiche. Wa kwanza, jina simtaji, alichukua nusu ya hela, akasema ameshafaili, miezi minne ananiambia "jaji yuko likizo". Nikaenda masjala mwenyewe na bajaji, mvua inanyesha, nikauliza kwa jina letu, hamna kitu. Hamna hata karatasi. Kwa iyo mkishalipa muombe namba ya shauri, iandike kwenye simu, ukiwa nayo unaweza kuulizia mwenyewe. Na kama hela ni ngumu kuna msaada wa kisheria, tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na mashirika kama TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wapo hapa hapa Dar, usione aibu kwenda.

Siku ya kusikilizwa sio kama kwenye tamthilia. Ni chumbani, sio mahakama ya wazi, watu wachache, hakuna wa kukurushia maswali ya kukudhalilisha. Jaji wetu alituuliza kama tunaelewa kwamba tukishasaini hatuwezi kumrudisha mtoto kwa sababu amekuwa mtundu. Wa kwetu muda huo alikuwa anaivuta kalamu ya karani.

Amri ikitoka kazi haijaisha, na hapa watu wanalala. Amri inaelekeza RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, waingize mtoto kwenye rejista ya watoto walioasiliwa, na nakala yake iliyothibitishwa inafanya kazi kama cheti cha kuzaliwa. Fuatilia mwenyewe. Mtoto bila hiyo atakwama shule, bima ya afya, pasipoti, kila dirisha utasimama unasimulia hadithi ya maisha yako mbele ya foleni.

Kinachobadilika kisheria: haki na wajibu wote wa wazazi wa kwanza unakatika, unakuja kwenu kama vile mmezaa ndani ya ndoa. Ukifa bila wasia anarithi kama mtoto wako wa kuzaa. Shemeji hawezi kuja arobaini ikiisha akasema "huyu wa kuokota atoke". Yaani anaweza kusema, ila ataishia kusema.

Kwa sisi Waislamu kuna jambo na nilienda kumuuliza shekhe kabla sijaanza. Katika dini kulea yatima ni thawabu kubwa lakini nasaba haibadiliki, mtoto anabaki na jina la baba yake kama anajulikana, na kwenye mirathi ya Kiislamu mtoto wa kulea hana fungu. Njia iliyopo ni wasia, unaweza kumuusia mpaka theluthi moja ya mali yako, na ukiwa hai unaweza kumpa zawadi, kiwanja, chochote, kwa maandishi. Ndo maana Zanzibar wakaingiza kafala kwenye sheria yao, unamlea kikamilifu bila kugusa nasaba. Hapa Bara ukiwa Muislamu unayeasili kaa na wakili na shekhe wote wawili mapema, uandike wasia sasa, usiwaachie watu wagombane juu ya kaburi lako.

Diaspora nanyi mnauliza sana, "mdogo wangu niadoptie mtoto wa dada niende nae Texas". Haiendi hivyo. Kama umeshachukua uraia wa Marekani hapa kisheria wewe ni mgeni, uraia pacha kwa mtu mzima hatuna. Na mgeni kuasili sheria yetu inataka awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo, awe amemlea huyo mtoto angalau miezi mitatu chini ya ofisa ustawi, asiwe na rekodi ya jinai kwao, awe na mapendekezo ya ofisa ustawi na ya mamlaka ya kule anakoishi, na aihakikishie mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri. Miaka mitatu, sio wiki tatu za likizo ya Disemba.

Na huko Marekani kwenyewe kuna ngazi mbili zinawachanganya watu. Sheria ya kuasili kule ni ya jimbo, kila jimbo na yake, ya Texas sio ya Ohio, nani anaruhusiwa, mzazi anaweza kubadili mawazo ndani ya siku ngapi, yote yanatofautiana. Lakini viza na uraia ni vya serikali kuu, jaji wa jimbo akikupa amri haimaanishi ubalozi utampa mtoto viza. Kwa njia ya kawaida ya familia uhamiaji wao wanataka mtoto awe ameasiliwa kabla hajafikisha miaka 16 na mzazi awe amekaa nae na kuwa na ulezi wake wa kisheria miaka miwili. Kwa iyo da mkubwa, kabla hujamtumia mtu hela ya wakili Dar, ongea na wakili wa uhamiaji wa huko huko uliko, mambo mengine mtoto akibaki kwa bibi yake Ukonga ukamlipia ada ni heri zaidi.

La kumwambia mtoto. Sheria inataka siri ya kuasili iwe mikononi mwa mzazi aliyemuasili, yeye ndo amwambie mtoto, kwa wakati unaomfaa mtoto, sio jirani, sio mwalimu, sio wifi akiwa na hasira kwenye kitchen pati. Niliweka kikao na familia yetu nzima nikawaambia hivyo wakiwa wanakula. Mama mkwe ndo alikuwa wa kwanza kusema "kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na huyu ni mjukuu wangu, atakayefungua mdomo atanikuta". Mimi nimeanza kumsimulia kidogo kidogo kama hadithi ya kulala, kwamba kulikuwa na nyumba Tabata ilikuwa na chumba kitupu chenye neti mpya. Anauliza neti ilikuwa rangi gani. Bluu, namwambia, anasema hapana, iwe ya kijani, basi sa hivi ni ya kijani.

Mwisho kabisa cha vitendo: amri ya mahakama na karatasi ya RITA fanyeni fotokopi tatu, thibitisheni kwa wakili, moja nyumbani, moja kwa ndugu mnayemwamini, moja benki au ofisini, na ile orijino mfungie kwenye nailoni maana mafuriko ya Dar hayabagui kabati. Yetu ililowa kona masika yaliyopita, jina la mtoto lilibaki salama, ila muhuri ulisambaa kidogo, ikabidi nirudi tena kwenye foleni.